Barua Kwenye Pindo

Ukitaka kumjua Wamaitha, usianze na kanisa. Anza na pindo. Mafundi wengi wa Kisumu wakikushonea sare ya shule hukuachia pindo la vidole viwili, basi, shukuru Mungu. Wamaitha huacha vidole vinne, wakati mwingine vitano, kwa sababu mtoto, asema mwenyewe, hakui kwa kuomba ruhusa. Kila Januari akina mama wa Dunga humletea magauni yale yale. Naye huyafumua, huyashusha, hupiga pasi alama ya zamani mpaka ifutike, na mtoto huenda shule akitembea kama aliyenunuliwa nguo mpya.

Alikuja Kisumu kutoka Nyeri miaka kumi na minane iliyopita, akimfuata mumewe Mburu aliyekuwa akiuza viazi soko la Kibuye. Mburu akafariki, na watu wa kwao wakadhani mjane atarudi nyumbani. Hakurudi. Alihamishia cherehani yake kwenye kibanda cha mabati kando ya barabara inayoshuka ufuoni Dunga, akabaki hapo, hana mume wala mtoto, akizungumza Kijaluo kinachochechemea ambacho watoto walikuwa wakimwigiza mbele ya macho yake. Aliwapenda mno watoto hao. Hilo nalisema mapema, maana mtu akilisahau atamhukumu vibaya.

Siku za Jumapili alikuwa mwalimu wa watoto katika kanisa la Pasta Masinde. Watu wazima walikaa ndani, kwenye viti vya plastiki na vipaza sauti. Watoto thelathini na mmoja walikaa nyuma, kwenye mkeka, chini ya turubai la buluu lililovuja pale pale kila mvua iliponyesha. Huko nyuma Wamaitha alifundisha Nuhu, Daudi na Yona mpaka watoto wakajua hadithi zote kuliko yeye. Akisema, "Basi Yona akashuka...", thelathini na mmoja humalizia, "...Yafa!" na kuanza kufinyana.

Ndipo likaja lile sanduku la vitabu. Wageni fulani walilileta kanisani, wakapigwa picha nalo, wakaenda zao. Ndani mlikuwa na vitabu vya kupika keki, kitabu kinene cha kutengeneza matrekta, na kimoja tu cha watoto, cha hadithi ya kubuni, chenye picha za rangi. Wamaitha alikichukua nyumbani, akakisoma mara mbili, akalia mara moja.

Hadithi yenyewe ilikuwa hivi. Msichana mdogo alikuwa na baba aliyevuka mto mkubwa akaenda Nchi ya Usahaulifu, na huko akasahau kwamba ana nyumba. Mfalme akamwandikia msichana barua, akamwambia aishone kwenye pindo la gauni lake asije akaipoteza. Kwenye kivuko alilala mnyama mkali ambaye hakuwahi kumwachia mtu yeyote apite. Lakini mnyama yule aliponusa barua ya Mfalme aliinama, akampandisha msichana mgongoni, akamvusha. Msichana akamkuta baba yake, akamsomea barua, na baba akakumbuka, wakarudi wote wawili.

Mwalimu gani angeacha hiyo? Wamaitha aliona somo zima limelala pale linamsubiri. Barua ya Mfalme ni Neno la Mungu. Pindo ni moyo. Mtu aliyeliweka Neno moyoni hata adui humpisha njia.

Shida ilikuwa mnyama. Msichana wa kwenye kitabu watoto walimpa jina Adero papo hapo, bila kuomba ruhusa ya mwandishi. Mfalme walimkubali. Mnyama wakamkataa. Kwenye picha alisimama juu ya theluji, kama ng'ombe aliyefuga manyoya mpaka yakamfunika macho, na Wamaitha mwenyewe hakujua anaitwaje.

"Ni ng'ombe wa baridi," alijaribu.

Turubai zima likacheka. Ng'ombe! Huko Dunga ng'ombe hunywa maji ufuoni kila jioni na mtoto wa miaka minne humpiga mmoja kofi la matako ili apite. Nani atamwogopa ng'ombe?

Jumapili iliyofuata, Ticha, kama watoto walivyomwita Wamaitha, akawa amefikiri. "Mnyama aliyelala kivukoni," akasema, "alikuwa kiboko."

Wote wakanyamaza. Hata wale wanaofinyana walinyamaza. Kila mwalimu anakijua kimya hicho, na masikini Wamaitha akakipenda. Kwao Nyeri hakuna kiboko. Yeye aliwaona wa Dunga kwa mbali tu, masikio na pua juu ya maji, wakati wa kupeleka nguo za wateja. Wenyeji walijua la zaidi. Walijua ni nani alikatwa vipande viwili pamoja na mtumbwi wake, na ni nani alitoka kukojoa alfajiri asirudi. Lakini wenyeji walikuwa ndani, kwenye viti vya plastiki, wakiimba.

Kisha, kwa kuwa alikuwa fundi, akafanya jambo ambalo mwalimu mwingine asingelifikiria. Alikata karatasi za daftari, akaandika kwenye kila moja ile aya ya Zaburi ya malaika wanaomchukua mtu mikononi mwao asijikwae mguu, akazikunja ndogo kama kidonge, akafumua pindo la nguo ya Jumapili ya kila mtoto na kuishonea humo barua yake. Wasichana kwenye gauni, wavulana kwenye shati. Siku nne alifanya kazi hiyo, wateja wakisubiri.

"Neno la Mfalme mnalo sasa," aliwaambia. "Hamtalipoteza."

Jumapili hiyo walitembea kutwa wakijishikashika mapindo. Akina mama walicheka, wakasema Ticha huyu ana mambo. Pasta Masinde alisifu ubunifu. Mtu mmoja tu hakupendezwa, naye ni mzee Oluoch, babu ya Debra, mmoja wa watoto hao, ambaye kwa miaka arobaini amekuwa na boti yake pale ufuoni. Zamani alivua, siku hizi hupeleka wageni kuona ndege na viboko, na huwaona kwa mbali, kwa adabu. Alipita kibandani siku moja kuchukua suruali yake.

"Ticha, mjukuu ananiambia kiboko anabeba watoto."

"Ni hadithi tu, Mzee. Ni mfano. Tunafundisha Neno."

Mzee akaitazama suruali, akaikunja vizuri. "Neno ni sawa, mimi sikatai. Lakini hii kitu iko kwa maji haijui kusoma."

Wamaitha akacheka. Baadaye alikumbuka kicheko hicho kuliko jambo lingine lolote. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na ubaya wa maisha ni kwamba mara nyingine guu linalotaka kuvunjika si la yule asiyesikia.

Debra alikuwa na miaka saba. Mama yake, Atieno, huanika omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye nyavu pale chini, na mikono yake haijawahi kukosa harufu hiyo. Baba yake, Griffins, alikwenda kuvua visiwani mwaka juzi, akasema ni kwa miezi mitatu. Mwanzo alipiga simu kila Jumamosi. Halafu Jumamosi moja moja. Halafu watu waliotoka huko wakaanza kumjibu Atieno huku wakiangalia pembeni, na Atieno, ambaye si mjinga, akaacha kuuliza. Debra hakuambiwa chochote. Aliambiwa baba yuko ng'ambo ya maji.

Sasa mwekee mtoto huyo hadithi ya Adero mapajani uone. Baba ng'ambo, amesahau nyumba. Barua kwenye pindo. Kiboko kivukoni. Wamaitha alisimulia mara tatu, kwa kuombwa, na mara zote tatu hakuona aliyekuwa akiomba ni nani.

Ilikuwa Alhamisi, saa kumi na moja kasorobo. Wamaitha alikuwa akikata kitambaa cha sare aliposikia kelele kutoka ufuoni, si kelele ya samaki wengi, nyingine. Alitoka mbio na mkasi mkononi. Kati ya mafunjo na magugumaji kuna uwazi mdogo ambapo wanawake huchota maji, na katika uwazi huo Debra alikuwa amesimama ndani ya ziwa, maji yamemfika kifuani. Alikuwa amevaa gauni la Jumapili siku ya Alhamisi, na pindo lake alikuwa amelinyanyua juu kwa mikono miwili, kama mtu anayemwonyesha askari kitambulisho.

Mbele yake, karibu kiasi cha urefu wa boti mbili, kulikuwa na kichwa cha kiboko. Ubavuni mwake kulikuwa na kichwa kingine, kidogo.

Watu waliojaa ufuoni walikuwa wamenyamaza tayari, maana wanajua ukipiga kelele jike mwenye mtoto hatakimbia, atakuja. Atieno alikuwa ameshikwa na wanawake wawili, wamemziba mdomo. Katika kimya hicho sauti ndogo ya Debra ilisikika mpaka barabarani. Alikuwa akisema aya. Aliisema yote bila kukosea, kama alivyofundishwa, akaanza tena.

Wamaitha hakujua kuogelea. Alitaka kumwita lakini alijua asimwite. Alitaka kuomba, na maneno yaliyomjia kichwani yalikuwa ni yale yale ya kwenye pindo, na kwa mara ya kwanza maishani mwake Neno la Mungu likamtia hofu. Alisimama pale akiwa na mkasi. Hakuna alichofanya. Hilo ndilo analolikumbuka, kwamba hakuna alichofanya, na kwamba hakukuwa na cha kufanya.

Jike akapumua, maji yakaruka. Akafungua kinywa kidogo, akakifunga. Kisha kichwa kikazama, na kile kidogo kikazama, na juu ya maji pakabaki duara tu linalopanuka.

Hapo ndipo hofu ilipozidi, kwa maana kiboko unayemwona ni afadhali kuliko usiyemwona. Lakini mzee Oluoch alikuwa anarudi kwa boti yake na wageni wawili. Alikuwa amezima injini zamani, anasukuma kwa mti taratibu kando ya mafunjo. Alimfikia mjukuu wake kwa nyuma, akamkamata gauni, akamvuta ndani ya boti kama samaki, kama ngege. Vichwa viwili vikaibuka mbali, upande wa pili wa magugu.

Ndipo watu wakapiga kelele. Walilia, wakacheka, wakaimba. Atieno alimchapa Debra makofi mawili, akamkumbatia, akamchapa tena. Na mtoto, akitetemeka meno, alikuwa akisema jambo moja tu: "Alinusa. Mama, alinusa!"

Kufikia jioni Dunga nzima ilijua. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imefika Ahero, na huko Ahero kiboko alikuwa tayari amepiga magoti.

Jumapili Pasta Masinde alimsimamisha Debra juu ya kiti mbele ya kanisa. Hakuwa mtu mbaya, Pasta. Alikuwa mtu aliyehubiri miujiza kwa miaka kumi na mitano, na sasa mmoja umemjia na viatu vya shule. Alimshikia mtoto kipaza sauti, akamwuliza, "Ulikuwa na nini kwa nguo?"

"Barua ya Mfalme."

Kanisa likalipuka. Wamaitha aliinuka kutoka nyuma, akanyoosha mkono kama mwanafunzi. Pasta akamwona, akafurahi, akamwita mbele, akamtambulisha kuwa ndiye mtumishi aliyeshona. Watu walimpigia makofi. Aliposhika kipaza sauti alisema, "Mimi nilikosea." Alisema, "Watoto wasiende majini. Ile ni hadithi. Mnyama yule hakuwa kiboko, mimi ndiye niliyemweka kiboko." Akasema tena, kwa Kijaluo chake kinachochechemea, ili pasiwe na mtu wa kusingizia lugha.

"Mnaona unyenyekevu?" Pasta akasema. "Yeye hataki utukufu!"

Makofi yakazidi.

Jumatatu walikuja kibandani. Walikuja na mashati ya waume zao wavuvi, na kofia za watoto wachanga. Mwanamke mmoja alitoka Milimani, mtaa wa wenye pesa, kwa gari lake, akiwa na blauzi ya hariri ya binti yake anayesafiri. Wote walitaka barua kwenye pindo.

"Hii mnayotaka ni hirizi," Wamaitha aliwaambia.

"Aa, Ticha, hirizi ni ya mganga. Hii ni Biblia."

Aliwarudisha wote. Wengine walikasirika, wakasema amejaliwa kipawa sasa anaringa. Wengine walikwenda kwa fundi mwingine, karibu na barabara kuu, naye akawashonea bila maswali. Wamaitha alisikia mvuvi mmoja ameacha jaketi la kuokolea nyumbani, eti shati linatosha. Alikwenda mwenyewe mpaka kwa huyo mvuvi, akamsihi. Mvuvi alimsikiliza kwa heshima, akamwita Mama, akampa samaki wawili, na kesho yake akaenda majini bila jaketi.

Hapo akapata wazo. Aliagiza watoto wote waje na nguo zao za Jumapili, pamoja na wazazi. Alikaa chini ya turubai na kiwembe, akafumua mbele ya watu wote pindo la kwanza, la Debra, lenyewe lile. Ndani hamkuwa na barua. Gauni lilikuwa limefuliwa mara nane tangu alishone, limesuguliwa kwa sabuni ya mche, limekamuliwa na mikono ya Atieno, na karatasi iligeuka kibonge cheupe, kigumu kidogo, kisicho na herufi hata moja. Alikiweka kiganjani, akapita nacho kwa kila mzazi. Moyo wake ulikuwa mwepesi kwa mara ya kwanza. Sasa wataona.

"Tazameni. Siku ile aliposimama majini hakuwa na neno lolote kwenye nguo. Hakuna kitu hapa. Ni uchafu wa karatasi."

Wakakitazama kibonge kile. Kisha bibi mmoja wa kwaya akafunika mdomo kwa mkono.

"Yawa," akashangaa kwa Kijaluo. "Neno limetoka kwa nguo likaingia ndani ya mtoto."

Wamaitha alikaa chini kwenye mkeka. Maji yakimwagika hayazoleki, na yeye alikuwa ameyamwaga ziwani. Alifumua mapindo yaliyobaki, yote thelathini, akatoa vibonge, akashona upya kwa vidole vinne kama kawaida. Akina mama walimshukuru. Walidhani ni hatua ya pili ya baraka.

Jumapili iliyofuata aliwafundisha watoto jinsi shetani alivyompandisha Yesu juu ya hekalu. Alikuwa amejiandaa wiki nzima. Aliwaambia kuwa shetani naye anasoma Biblia. Kwamba aya aliyomletea Yesu pale juu ilikuwa hii hii yetu, ya malaika na mikono, akamwambia ajirushe. Na Yesu hakujirusha. Alikataa kumjaribu Mungu. Aliposema hayo alijua sasa ni nani aliyekuwa amesimama juu ya mnara akiwaambia watoto wa watu waruke.

Debra akanyoosha mkono. "Ticha, shetani alidanganya?"

"Hapana. Maneno yenyewe yalikuwa ya kweli."

"Sasa kama ni kweli?"

Watoto thelathini wakamgeukia Ticha. Wamaitha akasema kwamba neno la kweli laweza kutumiwa vibaya. Akasema Mungu ametupa pia akili na miguu ya kukimbia. Aliyasema vizuri, kwa mifano, na aliona macho yao yakimwacha moja baada ya jingine, yakienda kwenye ule uwazi wa mafunjo unaoonekana nyuma ya kanisa. Hadithi ya kwanza ilikuwa na kiboko. Hii ya pili ilikuwa na mtu aliyekataa kuruka. Hata yeye angechagua ya kwanza.

Alimpigia simu Griffins. Namba aliipata kwa mzee Oluoch, ambaye ni baba wa Griffins. Simu ilipokelewa mara ya nne. Kulikuwa na upepo na muziki, na sauti ya mwanamke akiuliza ni nani huyo. Wamaitha akaeleza yote, haraka haraka, kuhusu mtoto, maji na pindo.

"Yuko sawa lakini?" Griffins akauliza.

"Yuko sawa. Lakini atarudi majini. Anakutafuta wewe."

"Sawa, Mama. Nitakuja. Wacha hii mwezi iishe." Akakata. Wamaitha alikwisha kusikia wanaume wengi wakisema nitakuja, na alijua ile ya kuja kweli ina sauti yake, na hii haikuwa hiyo.

Basi akafanya lile moja lililobaki mikononi mwake. Kila siku, watoto wakitoka shule, alifunga kibanda, akabeba kigoda na kazi ya kushona kwa mkono, akaenda kukaa kwenye ule uwazi. Wateja walilalamika. Vijana wa ufuoni walimwita askari wa viboko. Watoto walipita, wakamsalimu, wakachungulia nyuma yake, wakaenda zao. Mzee Oluoch akipita na boti alikuwa akimpungia mkono, na siku moja alisimama.

"Mzee, kwa nini hakumfanya kitu?" Wamaitha akamwuliza. "Niambie wewe unayewajua."

Mzee akajibu kama mtu mwaminifu. "Sijui. Pengine alikuwa ameshiba. Pengine hakutaka tu siku hiyo." Akaushika mti wake. "Siku nyingine atataka."

Jioni ya wiki ya tatu Debra alikuja peke yake. Alikaa chini kando ya kigoda, magoti kidevuni, wakatazama maji pamoja. Vichwa vilikuwepo, mbali, kikubwa na kidogo. Wamaitha aliweka sindano chini. Aliona hii ndiyo nafasi yake, na akamsimulia upya hadithi yote, taratibu, kwa sauti yake bora. Safari hii Adero alifika kivukoni, akaitoa barua, akaisoma vizuri mpaka mwisho, na mwishoni Mfalme alikuwa ameandika: ngoja hapo hapo ukingoni, usiingie majini, nitatuma boti. Na Adero akangoja.

"Boti ikakuja?" Debra akauliza.

Wamaitha aliokota sindano yake. Alifikiria ile simu, upepo na muziki. "Aliendelea kungoja," akasema.

Debra akatikisa kichwa, kwa upole, kama mtu mkubwa anayemsamehe mtoto.

"Hiyo si yenyewe, Ticha. Wewe hukuingia. Mimi niliingia." Akanyoosha kidole kuelekea kile kichwa kikubwa. "Alikuwa anakuja kunichukua. Ni vile Guka alinitoa mapema."

Guka ndilo neno alilofundishwa na Wamaitha mwenyewe, neno la Nyeri la babu, siku za furaha.

Wamaitha alitafuta aya akaikosa, akatafuta hadithi, akaogopa. Jua lilikuwa limeshuka na wavuvi walikuwa wakivuta boti zao nchi kavu. Akaunyoosha mkono, akalishika pindo la gauni la mtoto, lile alilolifumua na kulishona upya kwa vidole vinne, lisilo na kitu ndani. Akalizungusha kwenye ngumi yake mara mbili, akabaki amelishika hivyo mpaka Atieno alipokuja kumchukua binti yake.